Jengo lina bima, mimi fundi nikate ya nini?

SWALI

Shikamoo Mama,

Mimi ni fundi wa AC na friji, nina miaka 36, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nilisoma VETA, nikaajiriwa na kampuni moja ya viyoyozi, baadaye nikaamua kujitegemea. Nimesajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, nina TIN na leseni ya biashara, na nina vijana wawili wanaonisaidia ambao nawalipa kwa siku. Namshukuru Mungu, kazi zipo. Joto likianza kupanda mwishoni mwa mwaka, simu hailali.

Hivi karibuni meneja wa jengo moja la ofisi huko Upanga aliniita. Jengo lina ghorofa sita na AC zaidi ya arobaini, na anataka nizitunze zote kwa mkataba wa mwaka mmoja. Kwa fundi wa aina yangu hiyo ni riziki niliyoiomba muda mrefu. Shida iko kwenye mkataba alionipa nikasome nyumbani. Kifungu kimoja kinasema mkandarasi atabeba “hasara zote za aina yoyote zitakazotokana au kuhusiana na kazi”. Kingine kinataka nilete, kabla ya kuanza, hati ya bima ya dhima kwa umma, yaani ya kulipia madhara nitakayowasababishia watu wengine, yenye kikomo cha malipo kisichopungua Sh milioni 100.

Nilimuuliza, “Bosi, jengo si lina bima yake? Ya kwangu ya nini tena?” Akanijibu huo ndio utaratibu wa ofisi, basi.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mke wangu anasema hela ya bima ndiyo ada ya watoto ya Januari, na tena anaogopa kwamba bima ina riba na kubahatisha ndani yake, na sisi ni Waislamu. Shemeji yangu anasema nisijisumbue, yuko jamaa atakayenitengenezea karatasi ya bima kwa elfu hamsini, ina mhuri na kila kitu, “kwani nani atakagua?” Mafundi wenzangu nao wanasema bima ni mambo ya makampuni makubwa, fundi anajilinda kwa umakini wake.

Ningewasikiliza, Mama, kama si yaliyompata rafiki yangu. Yeye ni fundi AC kama mimi, na mzuri kuliko mimi. Mwaka jana alifunga AC kwenye chumba cha mitambo ya kompyuta, ghorofa ya kwanza. Ijumaa jioni akamaliza, wakaijaribu, ikapoza, akalipwa laki tatu yake akaenda. Chumba kile AC haizimwi. Usiku bomba la kutolea maji likachomoka kwenye kiungio ndani ya dari, na wikiendi nzima maji yakawa yanashuka kwenye duka la chini linalouza mashine za fotokopi, printa na karatasi. Jumatatu akaitwa, akakuta watu wamefura. Kwa hofu akasaini karatasi palepale kwamba kosa ni lake na atalipa. Akauza kiwanja chake cha Chanika, akampa mwenye duka milioni 9. Miezi michache baadaye akapata barua ya mawakili wa kampuni ya bima ya lile duka, wanamdai milioni 31.

Naomba unishauri. Nikate hiyo bima au niachane na mkataba? Na rafiki yangu, kuna lolote la kumsaidia?

Fundi wa Tabata

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Mkataba usiuache, na bima kata. Lakini usisaini karatasi ya meneja kama ilivyo, wala usinunue bima ya kwanza utakayoonyeshwa.

Kwanza tumalizane na la shemeji. Kughushi hati ni jinai, na kuitumia hati unayojua ni ya kughushi nako ni jinai. Anauliza nani atakagua? Bima zinazokatwa nchini huingizwa kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, na mtu mwenye simu yenye intaneti anaweza kuhakiki namba ya hati yako akiwa amekaa ofisini kwake. Hata asipohakiki leo, siku hasara ikitokea itahakikiwa tu, na hapo utakuwa na deni la hasara pamoja na kesi ya kughushi. Mwambie shemeji ahsante, na msilizungumze tena.

Sasa swali lako lenyewe, ambalo meneja alipaswa kukujibu badala ya kukutajia utaratibu wa ofisi. Bima ya jengo imekatwa na mwenye jengo kwa faida ya mwenye jengo. Dari lake likiharibika, kampuni yake ya bima itamlipa yeye. Ikishamlipa, sheria inairuhusu kampuni hiyo kushika nafasi yake na kumdai aliyesababisha hasara. Aliyesababisha ni nani? Ni wewe uliyekuwa na bisibisi mkononi. Hilo ndilo lililomkuta rafiki yako. Duka lilikuwa na bima, na bima hiyohiyo ndiyo iliyomwandikia barua. Kwa hiyo wenye mali wanaokuzunguka wakiwa na bima nzuri, wewe usiye nayo hujapata nafuu yoyote. Pengine umeongezewa hatari, kwa sababu mwenye duka anaweza kukuonea huruma, akapokea kidogo kidogo, akachoka, akakusamehe. Mawakili wa kampuni ya bima wameajiriwa wasichoke.

Ulipokuwa umeajiriwa, ungetoboa bomba la maji ukutani, mwenye nyumba angeidai kampuni yako, maana mwajiri hubeba makosa ya mfanyakazi wake akiwa kazini. Siku uliyoacha kazi uliondoka na ujuzi wako na wateja, lakini hukuondoka na mgongo huo wa kuegemea. Na sasa wewe ndiye mwajiri. Kijana wako akidondosha drili kutoka ghorofa ya nne, deni ni lako, hata kama wakati huo ulikuwa Kariakoo ukinunua mabomba ya kopa.

Wengi wanadhani cheti cha BRELA kinawakinga. Jina la biashara halikutenganishi na biashara yako. Deni la biashara ni deni lako wewe mwenye kitambulisho cha taifa. Ungesajili kampuni yenye dhima yenye kikomo chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, ungepata kinga fulani, lakini hata hapo mtu aliyeumizwa na uzembe wa mikono yako anaweza kukushitaki wewe binafsi. Mahakama ikishatoa hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura 33, inazuia kukamatwa kwa vifaa vya kazi vya fundi na nyumba anayoishi na familia yake. Ni ulinzi mzuri, na ujue ni haki yako. Lakini kiwanja kisicho na nyumba, gari, na akiba ya benki haviko kwenye kinga hiyo. Angalia ulichojikusanyia tangu uanze kujitegemea, uone kiko upande gani.

Wenzako watasema, “Mwenye duka la chini hana mkataba na mimi, atanidai kwa lipi?” Jibu la swali hilo lilipatikana Uingereza mwaka 1932, katika kesi ya Donoghue na Stevenson. Mama mmoja huko Paisley, Scotland, alinunuliwa soda na rafiki yake, akadai kwamba ndani ya chupa alikuta mabaki ya konokono. Hakuwa na mkataba wowote na mtengenezaji, hata soda hakuinunua yeye. Majaji wa mahakama ya juu walisema mtengenezaji alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa yeyote ambaye angeweza kutarajia kwamba kazi yake itamgusa. Msingi huo tuliurithi pamoja na sheria nyingine za Kiingereza, na mahakama zetu zinautumia. Mwenye duka chini ya dari unalofanyia kazi ni mtu unayeweza kumtarajia. Mpita njia chini ya kifaa cha nje cha AC, kilo 30 hivi kikining’inia kwenye vyuma ulivyovifunga wewe, pia.

Hapa ndipo ninapotaka ukae utafakari, hata kama mengine yote utayasahau. Malipo yako hayasemi chochote kuhusu ukubwa wa hasara unayoweza kusababisha. Laki tatu ya rafiki yako ilikuwa bei ya kazi ya mkono wake. Milioni 31 ilikuwa bei ya vilivyokuwa chini ya mkono wake. Fundi hupanga hatari kwa ukubwa wa kazi: kazi ndogo, wasiwasi mdogo. Wewe unapopanda ngazi, uliza chini yangu kuna nini, nyuma ya ukuta huu kuna nini, nani anapita hapa saa nane mchana. Kusafisha tu chujio katika chumba cha mitambo ya benki kuna hatari kubwa kuliko kufunga AC tano kwenye nyumba mpya isiyo na mtu.

Na umakini je? Naupenda umakini wako, na bila huo hakuna kampuni itakayokuvumilia mwaka wa pili. Lakini rafiki yako naye alikuwa makini, umesema mwenyewe ni mzuri kuliko wewe. Tena fikiria siku ambayo huna kosa kabisa: mpangaji anasema moto ulianzia kwenye AC uliyoigusa wiki iliyopita, nawe unajua ni nyaya za zamani za jengo. Utahitaji wakili, utahitaji mtaalamu wa kuchunguza chanzo cha moto, na hao hawafanyi kazi kwa maneno ya ahsante. Bima nzuri ya dhima hulipia gharama za kukutetea, si fidia peke yake. Watu husema ajali haina kinga. Deni linalozaliwa na ajali lina kinga, nayo inauzwa kwa mwaka.

Sasa tuingie kwenye hati yenyewe, maana bima isiyofaa ni hela iliyotupwa. Bima ya dhima kwa umma hulipa pale wewe au vijana wako mnapomjeruhi mtu mwingine au kuharibu mali yake katika kazi. Hailipi kila kitu. Kwa kawaida hailipi kile kifaa ulichokuwa unakitengeneza: ukiunguza kompresa ya mteja, hiyo ni yako, ila moto ukitoka hapo ukachoma ofisi, ofisi inaweza kulipiwa. Hailipi gharama za kurudia kazi uliyoifanya vibaya. Hailipi ajali za gari, hizo zina bima yake. Hailipi vijana wako wakiumia. Na mara nyingi hailipi dhima uliyojibebesha kwenye mkataba kupita ile ambayo sheria ingekubebesha. Hilo la mwisho nitalirudia.

Swali la kwanza la kumuuliza wakala ni hili: je, inalipa hasara inayotokea baada ya mimi kukabidhi kazi na kuondoka? Usiondoke pale mpaka akuonyeshe mstari unaosema hivyo. Mikataba mingine ya bima hulipa yanayotokea ukiwa saitini tu, na yanayotokea baadaye yanahitaji nyongeza ya dhima ya bidhaa au kazi zilizokamilika. Kwa fundi wa AC nyongeza hiyo ndiyo bima yenyewe. Bomba la rafiki yako lilichomoka usiku, yeye yuko kwake amelala. Angekuwa na hati isiyo na nyongeza hiyo, angelipa ada ya bima mwaka mzima na bado angeuza kiwanja.

Linalofanana na hilo ni muda. Hati nyingi za dhima kwa umma huangalia siku hasara ilipotokea, si siku ulipofunga kifaa. Ukifunga leo ukiwa na bima, ukaacha kuihuisha mwakani, bomba likichomoka mwakani huna kitu. Na madai hayaishi haraka: kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, mtu ana miaka 3 ya kushitaki kwa uzembe na miaka 6 kwa kuvunjwa mkataba. Kwa hiyo ukianza, endelea, na hati za zamani usizitupe.

Uliza pia kuhusu kazi za moto. Wewe unachomelea mabomba ya kopa kwa mtungi wa gesi, na AC nyingi mpya zinatumia gesi ya kupoza ya R-32, ambayo tofauti na R-22 ya zamani inaweza kuwaka. Kampuni nyingi zinaweka masharti: mtungi wa kuzimia moto uwe jirani, vitu vinavyoshika moto viondolewe au vifunikwe, na mtu abaki akiangalia baada ya moto kuzimwa, mara nyingi dakika 30 hadi 60. Ukivunja sharti, wana sababu ya kukataa kulipa. Masharti hayo yafundishe kwa vijana wako kama unavyowafundisha kupima gesi, maana wao ndio watakaokuwa dirishani wakati wewe uko kwenye simu.

Siku ya kujaza fomu, sema kweli yote. Kama unachomelea, andika. Kama unafanya kazi juu ya ghorofa ya tatu, andika. Kama una vijana, andika. Kama umewahi kudaiwa, andika. Bima imejengwa juu ya uaminifu wa pande zote, na jambo kubwa ulilolificha ili ada ipungue linaweza kuibatilisha hati yote siku unayoihitaji. Kama unaunganisha umeme, hakikisha leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iko sawa, na kwa kazi kubwa za ukandarasi uliza usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kampuni inaweza kukataa kulipia kazi uliyoifanya bila kibali kinachotakiwa.

Kuna jambo linalogongana na malezi yetu, nalo ndilo lililommaliza rafiki yako. Sisi tumelelewa kuomba radhi haraka. Mtu akipata hasara mbele yako, unasema nisamehe ndugu yangu, nitalipa, yaishe. Karibu kila mkataba wa bima ya dhima una sharti kwamba usikiri kosa wala usiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Hii haikufanyi uwe mtu wa jiwe. Toa pole kwa moyo wote. Zima umeme, funga maji, saidia kuhamisha mali, mpeleke aliyeumia hospitali. Piga picha za kila kitu kabla hakijasogezwa, chukua majina na simu za walioona, kisha piga simu kwa kampuni ya bima siku hiyohiyo. Ukiambiwa usaini karatasi ya kukubali kosa, jibu: “Pole sana, nimetoa taarifa kwa bima yangu, watakuja kukagua.” Barua yoyote ya wakili au ya mahakama ipeleke kwao bila kuijibu wewe. Watakaokuzunguka watakuona una kiburi. Vumilia, maana mwenye duka atalipwa kwa uhakika zaidi na hati yako kuliko na ahadi yako ya hofu.

Kuhusu kikomo, uliza kama milioni 100 ni kwa tukio moja au ni jumla ya mwaka mzima. Ni tofauti kubwa. Uliza na kiasi utakachojilipia mwenyewe kwanza kwa kila tukio, na hicho uwe nacho pembeni. Ada inategemea kikomo, aina ya kazi na mapato yako, ndiyo maana sikutajii bei. Chukua makadirio kwa kampuni tatu, na ukumbuke VAT juu yake. Tuseme, kwa mfano tu, imefika laki nne kwa mwaka na wewe unafanya kazi mia moja. Ni elfu nne kwa kila kazi. Iweke kwenye bei yako kama unavyoweka nauli na gesi. Hapo hela ya Januari ya watoto haiguswi, na mkeo muonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa sababu ana haki ya kuiona.

La riba namheshimu, na si dogo. Mwambie takafuli sasa inatolewa hapa nchini, watu wakichangia mfuko wa kusaidiana badala ya kununua ahadi ya kampuni. Mulizeni kama wanayo ya dhima kwa kazi yako, na mzungumze na sheikh mnayemwamini.

Nunua kwa kampuni, wakala au dalali aliyesajiliwa na TIRA. Lipa kwa akaunti ya kampuni, si kwa simu binafsi ya mtu, na usianze kazi kabla ada haijalipwa na hati haijatoka. Angalia pia usiuziwe kitu kingine. Dhamana ya utekelezaji humlinda mteja wako usipomaliza kazi, na aliyeitoa akishalipa anakugeukia wewe akudai. Bima ya hatari zote za mkandarasi ni ya miradi ya ujenzi. Zote zina kazi yake, lakini hukuombwa hizo. Na ukiona kampuni imekukatalia madai bila haki, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya wateja kama wewe.

Narudi kwenye kifungu cha “hasara zote za aina yoyote”. Kinanikera, kwa sababu kimeandikwa na wanaojua sheria ili kisainiwe na asiyeijua. Kikikaa hivyo, bomba la zamani la jengo likipasuka siku uliyokuwepo, utaambiwa “linahusiana na kazi”, na bima yako itasema dhima hiyo umejitwika mwenyewe. Mwandikie meneja kwa heshima kwamba unakubali kubeba hasara itokanayo na uzembe wako au wa watu wako, kwa kiwango cha sheria. Ombi hilo ni la kawaida, na meneja mwenye nia njema hatakunyima kazi kwa ajili yake. Muombe pia akuandikie hali ya mabomba na nyaya kabla hujaanza, mkague pamoja, mpige picha na nyote msaini.

Vijana wako, kama nilivyosema, hawamo kwenye bima hii. Wako kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa na sheria ya 2008, na mwajiri ndiye anayechangia, sasa asilimia 0.5 ya mishahara. Usijidanganye kwamba kulipwa kwa siku kunawatoa. Nenda ujisajili, na ufanye hivyo hata kama mkataba wa Upanga haukuja, maana wao ndio wanaoning’inia madirishani.

Rafiki yako hawezi kukata bima leo kwa maji ya mwaka jana. Lakini hajaisha. Mtu halipwi hasara moja mara mbili. Kama kampuni ya bima ilimlipa mwenye duka hasara yote, ile milioni 9 aliichukua kwa lipi? Basi asilipe shilingi nyingine, na asisaini kitu kingine, kabla ya kuuliza kwa maandishi: kampuni ililipa kiasi gani na lini, ripoti ya mkaguzi wa hasara inasema nini, mashine zilihesabiwa kwa bei mpya au kwa thamani yake zikiwa zimetumika, na zilizopona ziliuzwa kwa nani. Kwa nini hakuna aliyeona maji siku mbili ni swali lingine la haki kuuliza. Karatasi aliyoisaini kwa hofu ina uzito, ila kama haikutaja kiasi cha hasara, kiasi hicho bado lazima kithibitishwe.

Apeleke risiti ya hiyo milioni 9, karatasi aliyosaini na barua ya mawakili kwa wakili. Kama hana uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua watoa msaada wa bure. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni mahali pa kuanzia hapo Dar es Salaam. Barua za mawakili huwa na tarehe ya mwisho ya kujibu, na ikipita wanaweza kwenda mahakamani. Mwambie aisome tarehe hiyo leo.